Fildi ya ustawi wa jamii: tafuta msimamizi kabla ya ofisi

Msimu wa fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ukikaribia, wadogo zangu wa vyuoni huanza kunitumia ujumbe: "Dada, nitafutie nafasi hapo kwenu, ni karibu na nyumbani." Nami huwauliza: huko unakotaka kwenda, nani atakusimamia, na ana muda na wewe? Nilisoma stashahada ya ustawi wa jamii, nikafanya kazi halmashauri, nikarudi chuo kuchukua shahada, na sasa napokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ukienda kupeleka barua ya maombi, uliza jina la atakayekusimamia. Wakikujibu "utaona ukifika", endelea kutafuta.

Wengi hukimbilia mashirika yenye magari mazuri. Siwalaumu, ila huko unaweza kumaliza fildi nzima ukiandikisha mahudhurio ya semina. Ofisi ya ustawi ya halmashauri inaweza kukosa hata karatasi za printa, lakini Jumatatu asubuhi benchi limejaa: mama anadai matunzo ya mtoto, bibi analea wajukuu wasio na vyeti vya kuzaliwa, mzee anaulizia msamaha wa matibabu. Ile Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 uliyoikariri kwa ajili ya mtihani, hapo ndipo utaielewa.

Chukua shauri la matunzo. Mwanafunzi mgeni hudhani kazi yake ni kumkaripia baba. Mzee aliyenisimamia alikuwa anamsikiliza kila mmoja peke yake kwanza, halafu anawakutanisha. Siku moja alimuuliza baba mmoja swali ambalo sikulitegemea: unalipwa kwa siku, kwa wiki au kwa mwezi? Kumbe alikuwa kibarua wa ujenzi. Kiasi cha mwezi kilikuwa kinamshinda kila mara. Walipokubaliana atume kidogo kidogo kila Jumamosi kwa simu, akaweza. Hilo sikulisoma darasani. Baba akimkana mtoto, ofisi ya ustawi inaweza kuomba kipimo cha vinasaba (DNA) kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na suluhu ikishindikana shauri linakwenda mahakamani. Omba ukae kwenye hatua zote hizo, hata kama ni kushika faili tu.

Kuhusu uandishi nitakuwa mkali kidogo. Tenganisha ulichokiona na unachokidhani. "Mama ni mzembe" hiyo ni hukumu, tena umeitoa wewe ambaye hukutumwa kuhukumu. "Saa nane mchana mtoto alikuwa peke yake, jirani alisema ndiye aliyempa uji" hiyo ni taarifa. Maneno ya kwenye faili yanaweza kuishia kwenye taarifa ya uchunguzi wa kijamii ambayo hakimu ataisoma kabla ya kuamua mtoto akae wapi. Ripoti ya chuo nayo isiwe na majina ya wateja. Na picha ya mtoto uliyemtembelea isionekane kwenye statasi yako ya WhatsApp, hata ukimziba macho. Majirani watamtambua kwa ukuta wa nyumba.

Ukienda kutembelea kaya, utaratibu unataka upite kwa mtendaji wa mtaa. Pita, jitambulishe, lakini usikubali kusindikizwa na msafara. Shauri la ukatili likifika mtaani na watu watano nyuma yako, siri imekwisha kabla hujabisha hodi. Ingia na mtu mmoja, toa shikamoo, pokea kiti unachopewa, na daftari lisitangulie salamu.

Weka akiba ya nauli, maana pesa ya fildi isipofika kwa wakati benchi la wateja halitakusubiri.

Wanaoniuliza kama waunganishe shahada na uzamili moja kwa moja, huwa nawaambia wafanye kazi kwanza, hata ya kujitolea. Anayetoka darasani kwenda darasani huhangaika kutafuta mada ya tasnifu na mwishowe huchukua ya kuazima. Binti mmoja niliyemsimamia aliona kwenye rejista kwamba baadhi ya akina mama wanaodai matunzo hawarudi baada ya kikao cha kwanza, na hakuna aliyekuwa amewafuatilia kujua sababu. Nimemwambia asilitupe swali hilo, akienda kuomba uzamili aende nalo.