Re: Injini ya Caravan ifumuliwe baada ya saa ngapi?

Ndugu, umeuliza kwa nini mafundi wa Kisumu walifungua injini ya ndege ya Cessna Caravan yenye saa 1,800 tu za kuruka wakati ulisikia inafika 3,600. Zote mbili ni kweli. Kwa PT6A-114A, aina ya injini ya Caravan, 3,600 ndiyo saa za kufumua injini yote, yaani kuifungua na kuitengeneza upya. Katikati, kwenye 1,800, hukaguliwa sehemu ya moto: chemba ya kuchomea mafuta na turbaini. Raha ya PT6 ni kwamba sehemu hiyo hufunguliwa injini ikiwa bado kwenye ndege.

Lakini usihesabu saa peke yake. Diski za ndani, zinazobeba mabapa ya injini, zina kikomo cha mizunguko, yaani kuwasha, kuruka, kutua, kuzima. Ndege ya safari za dakika ishirini ishirini humaliza mizunguko haraka kuliko ile ya saa nzima, hata daftari likionyesha saa sawa. Hapo ndipo wengi hupanga vibaya, injini inalala chini kipindi cha wageni wengi.

Nozeli za mafuta nazo zisisubiri 1,800. Nimewahi kushika bapa la turbaini lililoungua upande mmoja, limeliwa kama ukingo wa chapati, sababu nozeli moja ilikuwa inatema mafuta badala ya kuyanyunyiza. Na ukitua viwanja vya vumbi, osha kompresa, sehemu inayobana hewa, mapema.

Ukiruka saa 60 kwa mwezi, 1,800 ni miezi 30. Agiza vipuri mwezi wa 26 hivi.