Jibu: Mtoto analia chekechea, tumehamia Hamburg

Pole dada. Umesema wiki ya tatu hii mwanao wa miaka miwili analia kila asubuhi, na unajiuliza kama mlikosea kuhama. Hamjakosea. Wangu alilia mwezi mzima. Siku moja aling'ang'ania koti langu hadi kifungo kikang'oka.

Usikubali kuharakishwa. Huku Ujerumani kuna kipindi cha kumzoesha mtoto, wanakiita Eingewöhnung: mwanzo unakaa naye darasani, kisha unatoka robo saa, halafu saa nzima, mpaka anatulia. Wengine wiki mbili, wengine sita. Na usitoroke kimyakimya kama tulivyozoea nyumbani. Muage, hata akilia. Mimi nilimkatia kipande cha kanga yangu akawa anatembea nacho mfukoni.

Mnunulie suruali ya mvua na mabuti, wanatolewa nje hata kukinyesha. (Mama yangu aliponiona kwenye simu nikimvisha, alinigombeza wiki nzima.)

Lingine, posho ya watoto, Kindergeld. Kama kibali chenu cha ukaazi kinaruhusu, ombeni sasa hivi, maana malimbikizo hulipwa ya miezi sita tu. Mwaka 2025 ilikuwa yuro 255 kwa mwezi kwa kila mtoto.

Jumapili maduka yamefungwa, maziwa nunua Jumamosi.

Kiswahili msiache ndani ya nyumba. Kijerumani atakiokota hukohuko chekechea; wangu sasa anamsahihisha baba yake mezani, na baba mtu ananuna kweli.