Kasumba ilipigwa marufuku kwa ajili ya afya tu?

Habari mkuu. Umeuliza kama Marekani ilipiga marufuku kasumba (afyuni, dawa ya kulevya inayotokana na mmea wa mpopi) kwa ajili ya afya tu. Mimi nikisoma sheria za namna hii, kwanza naangalia inamgusa nani. Amri ya jiji la San Francisco ya 1875 ililenga vijiwe vya kuvutia kasumba, vilivyohusishwa na vibarua wa Kichina. Dawa za chupa zenye kasumba hiyohiyo ziliendelea kuuzwa madukani, na wanunuzi wengi walikuwa akina mama wa Kizungu! Sheria ya Marekani nzima ya 1909 nayo ikazuia kuingiza kasumba ya kuvuta. Ya tiba ikapita.

Halafu fuatilia magendo yaliyokuja baada ya marufuku. Kasumba inanuka na inajaza mzigo, heroini, inayotengenezwa kutokana na kasumba hiyohiyo, inafichika kirahisi. Wafanyabiashara wakahamia huko, na watumiaji wengi wakaishia kwenye sindano.