Maswali yenu: Sanduku la bibi kwenye mnada wa antiki wa Newark

*Shikamoo shangazi. Mimi niko Leicester, mwezi ujao naenda na mume wangu ule mnada mkubwa wa antiki, yaani vitu vya kale, wa Newark huku Uingereza, tunatafuta sanduku la mbao lililopambwa misumari ya shaba kama alilokuwa nalo bibi yangu Unguja. Huku wanaliita sanduku la Zanzibar na bei zake zinatisha. Ntajuaje kama ni la zamani kweli?*

Marahaba mwanangu. Ujue kwanza unaenda wapi, mana ule uwanja ni ekari 84 na meza zinafika 2,500, ukizungukazunguka bila mpango jioni inakukuta hujaona hata nusu. Ni Alhamisi na Ijumaa, mara 6 kwa mwaka. Alhamisi tiketi ni ghali zaidi ila ndo siku ya mali, wenye maduka wanawahi mapema wanachomoa vile vizuri wewe bado uko barabarani. Kama hela ni ya mawazo nenda Ijumaa mchana, muda huo watu wanapakia, na mtu aliyeshusha sanduku zito hivyo hana hamu ya kulipandisha tena kwenye gari, hapo bei inaongeleka.

Sasa sanduku lenyewe. Usishtuke ukiambiwa limetoka India, mengi ya haya masanduku yalitengenezwa huko, Surat na Bombay, yakaja Unguja na majahazi ya kaskazi, kwa hiyo la bibi yako nalo pengine lilisafiri hivyo hivyo. Hilo halilipunguzii thamani hata kidogo. Linalopunguza ni kuuziwa la juzi kwa bei ya la miaka 150, na mapya yapo mengi tu, yanapakwa rangi na kusuguliwa yaonekane yamechoka.

Mbele usipaangalie sana, mbele ndo panapambwa. Mwambie muuzaji akusaidie kuliinua uone chini, vuta zile droo mpaka zitoke kabisa, angalia mgongo. Mbao za ndani zisizoonekana zinatakiwa ziwe zimekauka na kuwa nyeusi zenyewe kwa umri, ukikuta plaiwudi au ubao mweupe mbichi umepata jibu. Angalia skrubu. Zile za kichwa cha nyota zilianza miaka ya 1930, sasa sanduku la enzi za Sultani Barghash wa Unguja, miaka ya 1870 na 1880, limezipata wapi? Inawezekana fundi alilikarabati baadaye, basi muulize, na hiyo iwe sababu ya kushusha bei. Beba na sumaku ndogo: shaba haivutwi, kwa hiyo misumari ikinasa hapo ni chuma kilichopakwa tu. Alafu uchakavu uwe na maana, pale mikono inaposhika na mfuniko unapogonga kila siku pawe pamelika kuliko kwingine. Sanduku lililochakaa sawasawa kila kona mimi siliamini.

Bei muulize kwa upole, "bei yako ya mwisho ni ngapi?", ukimtajia robo ya bei kama tunavyofanya kwetu Waingereza wengi wanaona umewatukana na mazungumzo yanaishia hapo. Beba keshi na futi, na mlango wa nyumba yako uwe umeshaupima. Viatu vaa vya tope. Na ukishalipata tafadhali mwanangu usilipige msasa, ile rangi ya umri ndo mali yenyewe.

*Shangazi mimi ni wa Kilifi ila naishi London. Kwenye soko kama hilo nimeona mti mrefu umechongwa kichwa cha duara na pembetatu pembetatu, muuzaji anasema ni sanaa ya Afrika Mashariki. Moyo umenishtuka. Ninunue niurudishe nyumbani?*

Moyo wako haujakosea, kwa maelezo yako hicho kinafanana sana na kigango. Wewe wa Kilifi unajua, ni nguzo ya kumbukumbu ambayo Wagiriama wanamsimikia mzee wa Gohu, kile chama cha wazee, aliyefariki, na hakitakiwi kung'olewa pale kilipo. Vimeibiwa vingi sana tangu miaka ya 70 na 80, vikauzwa kwa watalii na kuishia kwenye majumba ya watu na makumbusho za Marekani. Mwaka 2014 makumbusho ya Denver yalikubali kurudisha 30 kwa mkupuo, kwa hiyo kurudi inawezekana. Usinunue, hata kwa nia njema, mana hela yako ndo inamfanya mwizi aende kung'oa kingine. Piga picha pande zote, muulize muuzaji kwa adabu alikitoa wapi na lini, chukua kadi yake ya biashara, alafu waandikie Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Fanya hivyo wiki hii, vitu sokoni havikai.

*Nimeona bangili ya pembe ya ndovu, muuzaji anasema ni ya zamani kwa hiyo ruhusa. Kweli?*

Hapana. Uingereza sheria ya pembe za ndovu ilianza kazi tarehe 6 Juni 2022, na uzee peke yake hautoshi. Kitu cha kabla ya 1947 kinaruhusiwa kama pembe ni chini ya asilimia 10 ya kitu chote na kimesajiliwa, sasa bangili ambayo yote ni pembe inaingiaje hapo? Labda iwe na cheti maalumu cha vitu adimu vyenye thamani kubwa kihistoria, na hivyo huvikuti vimetandazwa kwenye meza ya soko. Faini inafika pauni 250,000 au jela hadi miaka 5, na kwenda nayo nyumbani Dar au Mombasa ni kesi nyingine kabisa. Kama unapenda vya mkononi tafuta fedha ya Kiingereza, ndani ina mihuri midogo: simba anayetembea ni fedha halisi, nanga ni Birmingham, kichwa cha chui ni London. Ukiona herufi EPNS hiyo imepakwa fedha juu tu, lipa pauni chache usizidishe.