Betri ya moyo na mionzi: kadi iko wapi?

Mama yetu ana betri ya moyo (pacemaker, kifaa kinachoendesha mapigo ya moyo). Amekutwa na saratani ya shingo ya kizazi na ameandikiwa tiba ya mionzi hospitali ya Bugando. Jirani anasema betri italipuka. (Ujiji)

Hailipuki. Msalimie jirani. Mionzi inalenga nyonga, betri iko chini ya mtulinga; kinachofika huko ni kidogo sana. Kinachoogopwa ni miale kupita juu ya betri yenyewe, au mashine ya nguvu inayozidi megavolti 10, kwa kuwa hiyo huzalisha nyutroni, chembe ndogo mno za atomu zinazoweza kuvuruga programu ya betri. Mashine ya mionzi ya kobalti haizalishi nyutroni. Lakini daktari wa mionzi ameambiwa kuhusu betri? Kwenye barua yako hukusema, nalo ndilo linalonikera kila wiki: mgonjwa anavuka mikoa na faili la saratani tu, habari za moyo kaziacha nyumbani.

Nina saratani ya titi la kushoto, na betri iko upande huohuo. Nikatae mionzi? (Nzega)

Usikatae, dada. Hapa kazi ipo kweli, ila ni ya wataalamu. Watapanga miale iikwepe betri na kupiga hesabu ya dozi itakayoifikia. Tangu 1994 kikomo cha tahadhari kinachotajwa sana ni grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi). Ikishindikana kabisa, betri huhamishwa kabla ya kuanza, jambo la nadra. Betri ipimwe kabla na baada ya matibabu, na uulize kama katikati pia. Kama moyo wako hauendi bila betri, waambie waziwazi, wakuangalie ukiwa mezani. Na mwenye kifaa kinachoshtua moyo asijilinganishe na wewe. Hicho ni chepesi zaidi kuvurugika.

Eksirei ya kifua je? (Kasulu)

Piga.

Na MRI? (Urambo)

Jamani, tena! MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili, ni sumaku, si mionzi. Betri nyingine zinaruhusu, nyingine hazitaki. Jibu liko kwenye kadi ya betri, ile uliyopewa ulipowekewa.

Baba akirudi kutoka kwenye mionzi, wajukuu wakae mbali? Kuna mzee anauza mizizi ya kuitoa mwilini. (Kibondo)

Mionzi ya mashine haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, imekwisha. Awapakate wajukuu. Hela ya mizizi iwe nauli.

Kadi ilipotea tulipohama. (Mwanga)

Rudini hospitali ilikowekwa betri, kumbukumbu zipo. Zikikosekana, picha ya kifua humwonyesha mtaalamu betri ni ya kampuni gani. Mkipata kadi mpya toeni kopi mbili, moja akae nayo anayemsindikiza mgonjwa.