Unalipa hela kubebewa maji: ishu ya taka za nyumbani

Wadau wa Kigoma mjini, hasa sisi wa Mwanga, Katubuka na huko Ujiji, leo tuongelee taka maana mwisho wa mwezi kila mtu analalamikia ada, halafu hapohapo anamkabidhi kijana wa toroli kiroba kimejaa maganda ya muhogo na utumbo wa migebuka kinachuruzika njia nzima. Yani hapo unalipa kubebewa maji. Taka zetu nyingi ni za jikoni, na za jikoni ndo nzito, na kwetu kijana wa toroli anakadiria bei kwa kukinyanyua tu kiroba.

Mi kwangu mbichi zina ndoo yake yenye mfuniko, kavu zina kiroba chake, basi. Maganda ya muhogo naanika juani mpaka yakauke kabisa (muhogo mchungu una sumu, usimpe mnyama maganda mabichi) na jirani mwenye mbuzi anayapitia mwenyewe, siku hizi nikichelewa kuanika ananipigia simu kuuliza kulikoni. Utumbo wa samaki unaenda shimoni nyuma ya migomba, juu yake majivu ya mkaa yaliyopoa halafu udongo wa kutosha, ukifukia kijuujuu paka watafukua usiku na asubuhi mtaa mzima utakujua.

Kavu sasa. Wanunuzi wa chupa za plastiki na chuma chakavu wanapima kwa kilo na wanataka vitu visafi, chupa iliyolala na mabaki ya dagaa hawaigusi. Ila usidanganywe kwamba utatajirika, plastiki ni nyepesi, kilo moja ni rundo la chupa. Hela yenyewe iko kwenye viroba ambavyo hukulipia kubebewa.

Shida ni kwamba ukiacha hela ya toroli, ada ya mtaa ya mwisho wa mwezi ni ileile, utoe kiroba kimoja utoe kumi, sasa nani atahangaika kupunguza? Korea Kusini tangu 1995 watu wananunua mifuko maalum ya kutupia taka, anayetupa sana analipa sana. Hapa kwetu naogopa, wengine watasubiri mvua usiku wamwage kwenye mtaro na yote yaishie Ziwa Tanganyika tunakovulia hao hao dagaa. Mi ningeanza na dhamana. Angalia chupa ya soda ya kioo, huikuti imezagaa hovyo coz mwenye duka anaidai na ukiivunja unalipa. Mifuko ya plastiki tulipigwa marufuku 1 Juni 2019 na tukazoea, chupa za maji nazo zikiwekewa hata hela kidogo ya kurudishiwa, watoto watazimaliza mitaroni wenyewe bila semina.

Kwa mliopanga nyumba zenye wapangaji wengi na hakuna uwanja wa kuchimba shimo, kubalianeni ndoo moja ya mbichi (maganda mabichi ya muhogo yasiingie humo) mtafute mfugaji wa kuichukua kila jioni, isilale. Kiroba cha chupa kitundikeni sehemu inayoonekana na wote, na hela ikipatikana inunue sabuni na dawa ya choo, msigawane, maana kwa hela ndogo hivo mtagombana bure.