Daktari Anajibu: Uvimbe wa Mapafu Unapojitokeza Jichoni

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu ana miaka 61 na amevuta sigara tangu ujanani. Hivi karibuni alianza kulalamika kwamba jicho la kushoto lina ukungu katikati, na kwamba mistari ya daftari lake la dukani anaiona imepinda. Tulimpeleka kupimwa, akapewa miwani, isimsaidie. Daktari bingwa wa macho aliyemwona baadaye alikuta uvimbe nyuma ya jicho, akaagiza picha ya kifua, nayo ikaonyesha donge kwenye pafu la kulia. Sasa tunaambiwa kwamba uvimbe wa jichoni umetoka kwenye pafu. Inawezekanaje, wakati baba hana maumivu ya kifua na kikohozi chake ni kilekile cha miaka yote? Na je, ni kweli kwamba jicho litang'olewa? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Marahaba, na pole sana kwa ugonjwa wa mzee. Inawezekana kabisa. Damu inayotoka kwenye mapafu huingia upande wa kushoto wa moyo na kusukumwa moja kwa moja mwili mzima, kwa hiyo seli za saratani zilizobanduka kwenye pafu zinaweza kufika kwenye ubongo, mifupa au jicho bila kupitia kwanza kiungo kingine. Ndani ya jicho, chini ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha), kuna tabaka jembamba liitwalo koroidi, ambalo limejaa mishipa ya damu, na hapo ndipo seli hizo hunasa kwa urahisi zaidi. Uvimbe unapokua huvujisha majimaji yanayoinua retina, na retina ikishainuka haipokei tena picha iliyonyooka, ndiyo maana mzee anaona mistari ya daftari imepinda. Haumwi kwa sababu retina haina hisia ya maumivu, na miwani haiwezi kurekebisha retina iliyoinuka.

Kuhusu jicho kutangulia kutoa dalili kabla ya kifua, mzee si wa kwanza. Madaktari wa Wills Eye Hospital ya Philadelphia, Marekani, walichapisha mwaka 1997 uchambuzi wa wagonjwa 420 waliokuwa na saratani iliyosambaa hadi ndani ya jicho. Asilimia 34 kati yao hawakuwa na historia yoyote ya saratani siku walipofika kwa daktari wa macho, na walipochunguzwa, chanzo kilichopatikana mara nyingi zaidi kilikuwa mapafu. Saratani ya matiti, ambayo kwa jumla ndiyo inayoongoza kusambaa jichoni, kwa kawaida huwa imeshajulikana muda mrefu kabla. Daktari wenu aliyeagiza picha ya kifua baada ya kutazama jicho alifanya kazi yake vizuri sana, na ninatamani wengi wangefanya hivyo.

Hata hivyo, msikubali jina la saratani kabla ya kipimo cha kuthibitisha. Kifua kikuu nacho huweka kivuli kwenye pafu, na mara chache huota kivimbe cha rangi ya manjano kwenye koroidi ambacho kinaweza kumchanganya hata bingwa. Kwa hiyo makohozi yapimwe, kisha kichukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha kupimwa maabara. Kinyama hicho kwa kawaida hutolewa kwenye pafu au kwenye tezi iliyovimba, si kwenye jicho, kwa kuwa kuchoma sindano jichoni kunaweza kuharibu uoni uliobaki. Ombeni pia jicho la kulia lichunguzwe kwa matone ya kupanua mboni, na ubongo upigwe picha, kwa kuwa saratani iliyofika kwenye koroidi mara nyingi huwa imefika na huko.

Sasa kuhusu kung'oa jicho: ni nadra sana, na hufanyika pale tu jicho linapokuwa limeshapofuka na lina maumivu yasiyotulizwa na dawa. Saratani ikishaingia kwenye damu, kuondoa jicho hakuiponyi. Dawa za saratani zinazopita kwenye damu, ikiwa zinalipunguza donge la pafu, mara nyingi hupunguza na lile la jichoni. Muulizeni daktari kama kinyama kinaweza kupimwa mabadiliko ya vinasaba vya EGFR na ALK, kwa sababu mgonjwa mwenye mabadiliko hayo anaweza kutumia vidonge vinavyolenga seli hizo moja kwa moja. Uoni ukiwa unapungua haraka, jicho hupigwa mionzi kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ni mojawapo ya vituo vinavyotoa tiba ya mionzi nchini. Mionzi inaweza kuacha ukavu wa jicho na, baadaye, mtoto wa jicho, lakini mara nyingi huokoa uwezo wa kuona.

Ikithibitika kuwa ni saratani, ugonjwa uliokwisha kusambaa namna hii hudhibitiwa, mara chache sana huponywa. Naomba msimfiche mzee. Ana duka na ana mambo ya kupanga, na ni haki yake kuamua ni tiba ipi ataivumilia.

SWALI: Kope la jicho langu la kulia limeshuka na mboni yake ni ndogo kuliko ya kushoto. Bega la upande huohuo linaniuma usiku, na maumivu hushuka hadi kidole cha mwisho. Je, nami nina uvimbe jichoni? – Msomaji, Morogoro.

JIBU: Dalili hizo hazielekezi kwenye uvimbe wa jichoni. Neva zinazoinua kope na kupanua mboni hupita juu ya kilele cha pafu kabla ya kupanda shingoni, na uvimbe wa hapo ukizibana, kope hushuka. Hali hiyo ya jicho ilielezwa mwaka 1869 na daktari wa macho wa Uswisi, Johann Friedrich Horner. Zipo sababu nyingine, lakini ikiambatana na maumivu ya bega, kifua kichunguzwe wiki hii. Eksirei ya kawaida inaweza kuukosa uvimbe uliofichwa na mfupa wa mtulinga na mbavu za juu, kwa hiyo omba CT scan, na usikubali kuendelea kupewa dawa za baridi yabisi tu. Kama kope lilishuka ghafla pamoja na maumivu ya shingo, nenda hospitali leo, kwani huenda mshipa mkubwa wa damu wa shingoni umechanika.

SWALI: Navuta sigara. Je, nipime macho kila mwaka ili saratani ya mapafu igunduliwe mapema? – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Hapana. Ikishaonekana jichoni, si mapema tena. Acha sigara, na kikohozi kikizidi wiki mbili au ukikohoa damu, nenda ukapimwe kifua.